Jamani, Kanisani Assisi Si Stendi ya Mabasi!

Hivi mtu anapanda kilima chote kile, jua la Italia linamchoma utosini, anaingia Basilika la Mtakatifu Fransisko, halafu anafanya nini? Anatoa simu! Tangazo la kukataza picha liko wazi kabisa. Halioni. Mlinzi anaomba kimya. Kimya kinadumu kufumba na kufumbua, kisha soga zinaendelea pale pale zilipoishia.

Na ukutani kuna nini? Picha 28 za maisha ya Fransisko, zile ambazo tangu zamani zimehesabiwa kuwa kazi ya Giotto, yule mchoraji wa kale wa Italia. Mtakatifu anawahubiria ndege. Ndege wametulia wanasikiliza! Binadamu aliye kando yangu anapiga simu ya video kuulizia chakula cha jioni.

Mnajua kwamba sehemu ya dari lile iliwahi kuanguka? Septemba 1997, tetemeko la ardhi, watu wanne wakafa humo ndani. Wataalamu wakaokota vipande vya michoro, maelfu kwa maelfu, wakaviunganisha kimoja kimoja kwa miaka. Kwa ajili ya nani? Mtu anayeipa kazi hiyo mgongo ili sura yake itokee vizuri?

Inaniuma. Chini kwenye kaburi la Fransisko ndiyo kabisa: mama wa watu amepiga magoti anasali, kijana anamruka ili apate pa kusimama apige picha. Nanyi mliowahi kufika, hamkutamani kuwashika mkono mmoja mmoja muwatoe nje?