Fundi, Nani Alikuomba Uboreshe?

"Nimekuboreshea, kaka," fundi aliniambia, akipangusa amplifaya ya marehemu baba kwa kipande cha kanga. Nilichompelekea kilikuwa kitu kimoja tu, mngurumo, ile mmm inayojikalia chini ya kila wimbo kapasita, vile vikopo vya kuhifadhi umeme, zikishakauka. Badilisha kapasita, nipe mashine yangu, nirudi zangu Shangani, hapa Mtwara. Yeye kaboresha.

Maboresho yenyewe: kaing'oa taa ya EZ81, ile ya kioo inayogeuza umeme wa AC kuwa DC, mahali pake kachomea daiodi mbili za 1N4007, vijipande vidogo vya kazi hiyohiyo. Penye kapasita ya mikrofaradi 50 kaweka ya 220, volti 400, iliyochomolewa kwenye televisheni mbovu. "Hii kubwa zaidi. Na daiodi hazichoki." Nikamlipa. Ndiyo, nililipa, msinicheke.

Sasa pigeni hesabu nami. Nyumbani usiku, majirani wakishazima vyao, mita yangu imewahi kusoma volti 238 kwenye soketi. Transfoma ya baba ilisukwa kwa 220, itoe 300 kila upande. Kwa 238 hiyo 300 inakuwa 324 na ushee, na kapasita isiyo na mzigo hujaa mpaka kilele cha wimbi la umeme, yaani 324 na ushee mara 1.414, karibu 459. Kapasita imeandikwa 400! EZ81 haikuwekwa pale iwe pambo. Huchelewa kupata moto, kwa hiyo volti hupanda taratibu wakati EL84, taa za kukuza sauti, nazo zinaamka na kuanza kula. Daiodi haimsubiri mtu. Unabonyeza swichi, volti zote zimeshafika mezani na walaji bado wamelala. Wakiamka wanakuta zaidi ya walizozizoea, maana ile taa ilikuwa inajibakizia kidogo njiani.

Usiku wa nne kapasita ikalia kama nazi iliyodondoka juu ya bati. Harufu kali, na vipande vya karatasi iliyolowa vimetapakaa juu ya santuri. Mama akatoka chumbani: "Mmeunguza nini tena?"

Na angeiacha EZ81 akaiwekea hiyo 220, angeiua taa. Kikomo chake ni mikrofaradi 50, na waliokiandika hawakuwa wanabahatisha. Wanaobadilisha fyuzi kwa uzi wa waya sitawajadili hapa, hao ni wa polisi.

Haya, nakubali kwa shingo upande: EZ81 huipati Mtwara hata ukihamishia kitanda sokoni, na hewa yetu ya chumvi inakula pini za soketi zake. Daiodi si haramu. Kwangu zimo mpaka leo. Ila baada ya daiodi hizo nimetia rezista, kizuizi cha umeme, ya omu 220, wati 10. Mashine ikivuta kama miliampea 100, inashusha volti 22, karibu na zile ilizokuwa inashusha taa. Kwa kapasita nilitafuta mbili za mikrofaradi 100, volti 400, nikazifunga moja nyuma ya nyingine. Zinarudi kuwa 50 ileile, lakini sasa zinahimili 800. Kila moja nikaivisha rezista ya kiloomu 220 ubavuni ili zigawane volti sawasawa, na nikizima zijimwage zenyewe kwa dakika mbili tatu. Hata hivyo sigusi kitu kabla mita haijasoma karibu na sifuri. Kapasita iliwahi kunirusha hadi kwenye kabati nikiwa kidato cha pili, na baba alicheka kabla ya kuniuliza kama ni mzima.

Juzi fundi kapita nyumbani, msimu wa korosho huu kila mtu ana pa kupita. Kaikuta inaimba, kimya chini ya wimbo. Akaomba kuona ndani. Nikaichomoa, tukasubiri, nikaigeuza. Akachungulia kwa tochi ya simu, akapita juu ya rezista na kapasita zote bila neno, mwanga ukasimama kwenye daiodi.

"Si unaona," akasema. "Kazi yangu bado ipo."

Nikamwongezea chai.