Mungu wa Jumanne, mbona hatumtolei ushuhuda?

Jumapili kikifika kipindi cha ushuhuda, kaa usikilize vizuri ni vitu gani watu tunaviita matendo ya Mungu. Kapata kazi, kapata kiwanja, viza imetoka, kesi imefutwa, vipimo vya kwanza vilionyesha uvimbe vya pili havikuonyesha kitu. Vigelegele, kinanda, tunakaa. Na mimi nashangilia na nitaendelea kushangilia, mtu akitendewa mema lazima tufurahi nae. Ila kuna kitu kinanisumbua muda mrefu sasa, yaani tumefundishana bila kujua kwamba Mungu akifanya kazi lazima kiwe kitu kikubwa cha kushikia maiki, na kisipotokea basi wiki hiyo Mungu hakupita kwako, kama vile Jumanne, siku ya kawaida tu ya kazi, yeye hayupo. Unakutana na mtu anakwambia "mimi bado sina ushuhuda, niombeeni", na huyo huyo kila siku anaamka saa kumi kupika uji wa biashara, kalea watoto wa marehemu dada yake, mume hana kazi mwaka wa ngapi sijui, na bado moyo wake haujaota kutu. Huyo ndo anasema hana ushuhuda!

Kwenye maombi ya nyumba kwa nyumba huku mtaani kwetu kuna mama anauza vitumbua, siku moja alisimama akasema hivi: Bwana asifiwe, mimi namshukuru Mungu, wifi yangu amenitukana mbele za watoto na sikumjibu, nilienda nyuma ya nyumba nikasugua masufuria mpaka hasira ikaisha, jioni nikampelekea chakula. Akakaa. Watu wakawa bado wanamuangalia wakisubiri iliyobaki, mwongozaji akasema amen, kuna mwingine? Sasa sisi tunaomjua yule mama na ulimi wake wa zamani tulielewa kabisa tumesikia nini. Paulo anapotaja tunda la Roho kwenye Wagalatia 5 anasema upendo, furaha, amani, uvumilivu, anaendelea mpaka kiasi, na kwenye orodha ile yote hakuna kiwanja wala viza. Kwa hiyo kama tunauliza Roho Mtakatifu wiki hii alikuwa anafanya nini mtaani kwetu, jibu mojawapo lilikuwa nyuma ya ile nyumba kwenye masufuria.

Na wala sio kwamba ushuhuda umekuwa hivi siku zote. Uamsho wa Afrika Mashariki, ule uliowaka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukaenda Uganda, Kenya na huku kwetu ukaingia Bukoba, watu walikuwa wanasimama wanatubu waziwazi, wanarudisha vitu walivyoiba, wanapatana na ndugu waliokuwa hawasalimiani. Mtu alikuwa anasimulia Yesu alivyomgusa leo, kwenye ugomvi wa leo, kwenye pesa ya leo. Sijui lini tulianza kuona hayo ni madogo.

Mtu anaenifungua macho sana kwenye hili ni Naomi. Kisome kitabu cha Ruthu chote, ni sura 4 tu, uniambie ni wapi bahari imepasuka. Hakuna malaika, hakuna ndoto, hakuna moto. Kuna njaa, kuna misiba mitatu, kuna wanawake wawili wajane wanarudi Bethlehemu kwa miguu. Naomi anafika mjini anawaambia wanawake wenzake alitoka amejaa na Bwana amemrudisha hana kitu, na wakati anayasema hayo Ruthu, mjane wa mtoto wake, yuko nae hapo! Binti aliyekataa kurudi kwao, aliyemwambia watu wako watakuwa watu wangu na Mungu wako atakuwa Mungu wangu. Yaani jibu la Mungu limetembea nae njia nzima kutoka Moabu na Naomi analihesabu kama hakuna. Simlaumu, amezika mume na watoto wawili, uchungu unaziba macho. Alafu mwandishi anaongeza kitu unaweza ukakiruka usikione, kwamba walifika mwanzo wa mavuno ya shayiri. Baada ya hapo ni kazi tu, Ruthu anaokota masazo shambani, Boazi mwenye shamba anawaambia vijana wake waachie mengine makusudi ayaokote, jioni anarudi nyumbani na shayiri kama efa moja, kipimo chao cha nafaka cha zamani. Kutoka kwenye hiyo shayiri Ruthu anaolewa na Boazi, anamzaa Obedi, tunafika kwa Yese, kwa mfalme Daudi. Mungu alikuwa kazini muda wote, kupitia mkwe, kupitia msimu wa mavuno, kupitia tajiri mmoja mwenye utu.

Hata nabii Elia, aliyeshusha moto mlima Karmeli, muda mfupi tu baadae amelala chini ya mti anaomba afe, na Mungu anamtumia mkate na maji. Inuka, ule. Hakuhubiriwa, alilishwa akalala tena.

Ila hapa lazima niseme na upande wa pili. Kuna ushuhuda unaniumiza, ule wa basi limepinduka, watu wamekufa, aliyepona anasema Mungu alinitoa mimi kwa sababu ananipenda. Ndugu yangu, mshukuru Mungu kwa uhai wako, lia, piga magoti, lakini kwenye viti vya nyuma anaweza kuwa amekaa mjane wa abiria wa basi lile lile. Mungu alikuwepo na kwa waliokufa. Alikuwepo kwa wanakijiji waliovunja vioo kwa mikono kuwatoa watu, na kwa nesi aliyekataa kwenda nyumbani zamu ilipoisha. Na wale wa "Mungu kanionyesha wewe ni mke wangu" nao wapimwe, Paulo kawaambia Wathesalonike jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema.

Kumtambua Mungu ni kitu cha kujizoeza. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, yule mwanzilishi wa Wajesuiti, shirika la watawa Wakatoliki, karne ya 16 aliwafundisha watu kuipitia siku yao mbele za Mungu, wapi ameshukuru, wapi ameanguka. Bibi yangu Mlutheri hakuwahi kumsikia huyo Inyasi lakini sala yake ya usiku ilikuwa hiyo hiyo, ndefu mpaka tunasinzia, asante kwa maji yaliyotoka bombani, asante kwa kijana wa bodaboda aliyekataa hela yangu, nisamehe nilivyomjibu jirani. Kila kitu na jina lake. Jaribu usiku wa leo, bila kusema asante kwa yote, yataje.

Na wachungaji na wazee wa kanisa mnaoshika ratiba, naomba jambo moja. Jumapili ijayo muiteni anaemuuguza mzazi aliyepooza, mlinzi aliyekesha, mwalimu anaefundisha darasa la watoto tisini, waulizeni tu Jumanne Mungu alikusaidia nini, na muwape muda ule ule mnaompa mwenye gari jipya.