Mnyororo wa Elfu Kumi na Mbili

Mjomba alipohamia Dodoma aliniachia boti yake ya faiba, futi 14. Ikakaa uani kwangu Tegeta juu ya matofali, kuku wakaigeuza wodi ya wazazi. Ili ifike baharini Kunduchi ilihitaji trela, na trela mpya sikuthubutu hata kuuliza bei. Nikapata ya mtumba kwa bwana mmoja wa Mbezi, laki 4 na nusu. "Ina kutu kidogo tu, chifu."

Niliipeleka kwa fundi wa kuchomelea ikiwa mgongoni mwa kirikuu. Fundi akachukua nyundo, akaanza kuigonga taratibu, kichwa kakiinamisha, kama daktari anayesikiliza kifua. Ngo. Ngo. Ngo. Pu. Hapo kwenye "pu" nyundo ilizama mpaka mpini. Akaichomoa, akanitazama kwa huruma.

"Bosi, hii ilikuwa imeshikiliwa na rangi."

Tukaokoa ekseli, springi na kichwa cha kuvutia. Fremu yote ikaenda kwa wauza vyuma chakavu, ikapimwa kwenye mzani, nikapewa hela ya chipsi.

Sasa fremu mpya. Jirani yangu alikuwa amemaliza kutengeneza geti, amebakiwa na skwea paipu za inchi 4, nyepesi, unene wa milimita 2. Akaniuzia kwa bei ya kunionea huruma. Fundi akasema hizo ni za geti. Nikamjibu, trela si geti lenye matairi? Halafu nikajiona mhandisi kamili: nikaagiza kila ncha ya bomba izibwe kwa bati na kuchomelewa pande zote, ili maji ya chumvi yasiingie kutafuna ndani. Fundi alinisifia. Hilo la kuziba liweke akiba.

Matairi alinipa shemeji, mawili manene ya Prado, yenye rimu zake. Juu ya fremu tukalaza mbao mbili ndefu za kukalia boti, na mbao hizo lazima zivikwe kitu laini zisikwaruze faiba. Juu ya kabati chumbani kulikuwa na kapeti limekunjwa, lina maua mekundu, mwaka mzima sijaona likitandikwa. Nikalikata vipande viwili. Likatosha kabisa, utadhani lilifumwa kwa kazi hiyo.

Kwenye beringi sikubana. Tulipofungua habu, kile kitovu cha gurudumu, grisi ilikuwa imegeuka uji wa ulezi, na beringi zimechimbika kutu. Fundi akanieleza kisa chake: barabarani habu inapata moto, ukiitumbukiza baharini ikiwa bado ya moto, hewa ya ndani inapoa ghafla, inasinyaa, inafyonza maji kupitia kwenye sili. "Kwa hiyo ukifika ufukweni, subiri nusu saa ipoe." Nikanunua beringi mpya, sili mpya, grisi kopo zima.

Kikabaki kichwa. Kile kikombe kinachokaa juu ya kirungu cha chuma nyuma ya gari, kufuli lake lilikuwa limekufa. Tukalifunga kwa waya wa kufungia nondo. Fundi akasema, "Basi weka na mnyororo, kichwa kikichomoka ukudake. Elfu 12 tu." Nilikuwa nimeshatumia karibu laki 9. Sijui kwa nini roho iliuma kwenye elfu 12. Nikamwambia, "Kwani navuta ng'ombe?"

Nilichagua siku ya bamvua, nikijua maji yatajaa vizuri. Siku hizo pwani yetu bahari hupanda zaidi ya mita 3, na Dar hujaa kwenye saa 10 jioni. Injini tuliiacha nyumbani. Ilikuwa siku ya majaribio. Kwa hofu ya matuta ya barabarani niliifunga boti kwenye trela kwa kamba ya katani, mafundo nisiyoyajua hata majina. Shemeji akaendesha. Trela ikatembea kimya, haiyumbi, hailii, na mimi nikawa namwonyesha kwenye kioo kila baada ya dakika mbili: "Unaona? Unaona?"

Tulifika saa 10 kasorobo. Nikagusa habu: vuguvugu. Nikatangaza nusu saa ya kupoa. Tukanunua dafu. Tukanunua la pili. Akaja mzee mmoja mvuvi, akaizunguka trela yetu mara mbili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mnasubiri nini?"

"Beringi zipoe."

Akatazama bahari. "Beringi zitapoa. Lakini maji yanageuka."

Kurudisha trela kinyumenyume sitakusimulia. Ilichukua dakika 40, na kina mama wanaokaanga samaki waliacha samaki waungue. Hatimaye matairi ya trela yakaingia majini, na mimi, maji kiunoni, nashangilia. Rudi! Rudi! Boti ikaelea. Nikasubiri trela ibaki chini, boti itoke juu yake.

Trela nayo ikaelea.

Iliinuka taratibu, matairi ya Prado yakachungulia kama viboko wawili. Bomba nene nyepesi zimezibwa hazipitishi hata pumzi, mbao, na matairi yamejaa upepo: ingezamishwa na nini? Ilipoinuka ikanyanyua kile kikombe kutoka kwenye kirungu. Waya wa nondo ukasema ti! Na boti niliifungua kamba? Sikuifungua. Vikaondoka pamoja, vimekumbatiana, maji ya bamvua yakirudi baharini kwa haraka ya mtu aliyesahau jiko limewaka.

Nikapiga mbizi kuvikimbilia. Nilifika hatua sita nikakumbuka kwamba kuogelea nilijifunza kwenye bwawa la shule, upande wa wadogo. Shemeji kashuka kwenye gari, mkono kichwani: "Vinakwenda Mbudya, kisiwani!" Ufukwe mzima ulikuwa umesimama. Kijana mmoja akauliza wenzake, kwa upole kabisa, kama huo ndio mtindo mpya.

Yule mzee hakusema neno. Alipiga mluzi, vijana wanne wakasukuma ngalawa, wakatweka tanga. Wakavikuta mbali, wakavivuta, na giza lilikuwa linaingia waliporudi. Wakafungua kamba yangu kwa kisu, maana mafundo yale hata mimi sikuweza. Kisha, bila kuniuliza, vijana tisa wakaweka magogo manne mchangani, mmoja akaanzisha wimbo, na boti ikapanda ufukweni mpaka chini ya mti wa mkungu, haijafika hata dakika 10. Trela tuliigeuza pembeni imelala chali, inachuruzika.

"Elfu 60," mzee akasema.

"Mzee wangu, elfu 60 kwa boti moja?"

"Boti moja?" Akanyoosha kidole kwenye boti, akakihamishia kwenye trela. "Mwanangu, nimekuvutia vyombo viwili. Thelathini, thelathini." Akafikiri kidogo. "Mngefunga hata mnyororo."

Nililipa. Shemeji alikuwa amekaa mchangani anacheka hadi machozi, simu mkononi, na ndipo nikaelewa kwamba tangu kwenye "vinakwenda Mbudya" alikuwa anarekodi, na video keshaituma kwenye kundi la ukoo. Kabla sijamuuliza, simu yangu ikaita. Mke wangu. Sauti yake ilikuwa ya chini, ile isiyopandishwa.

"Baba watoto, nimeona video. Umepona?"

"Nimepona, mke wangu."

"Alhamdulillahi. Sasa nisaidie. Hiyo boti imekalia nini?"

"Imekalia... trela."

"Na hiyo trela, kitu chenye maua mekundu juu yake ni nini? Maana mimi nina kapeti langu la Idi juu ya kabati, sasa hivi nimepanda kwenye kiti."

Nikamwambia mtandao unakatika.