Msailiwa Aeleze Kazi Aliyoifanya

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiketi kwenye jopo la usaili katika kampuni ya uwakala wa forodha ninayofanyia kazi hapa Dar es Salaam, na kabla ya hapo niliketi upande wa pili wa meza mara nyingi, nikipanda ngazi za ofisi za Posta na Upanga nikiwa na bahasha ya vyeti mkononi. Kinachonisukuma kuandika ni jambo ninaloliona karibu kila tunapofanya usaili: vijana wenye uwezo hukosa kazi kwa sababu wamekuja na majibu ya kukariri, na habari za kazi walizozifanya wenyewe wameziacha nyumbani.

Tunapomwomba msailiwa ajieleze kwa ufupi, wengi hutamka maneno yale yale: ni mchapakazi, ni mwaminifu, anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Huenda yote ni ya kweli, lakini jopo halina namna ya kuyapima. Wakati fulani tulikuwa tunatafuta karani wa stoo, tukawauliza wote swali moja: ukihesabu mzigo ukakuta umepungua kuliko ilivyoandikwa kwenye leja, utafanya nini? Kijana mmoja mwenye shahada ya ununuzi na ugavi, tena yenye ufaulu mzuri, alitueleza maana ya udhibiti wa bidhaa kama alivyofundishwa darasani, akaishia hapo. Binti aliyemfuata alikuwa na stashahada, na kazi pekee aliyowahi kuifanya ilikuwa kusimamia duka la vifaa vya ujenzi la mjomba wake huko Mbagala. Alisema kwamba siku moja alikuta mifuko 12 ya saruji haionekani, akaanza kwa kuhesabu upya akiwa na mtu wa pili, kisha akapitia risiti za siku tatu, akagundua kwamba fundi mmoja alichukua mzigo kwa mkopo na kijana wa zamu akauandika kwenye daftari la madeni bila kuupunguza kwenye daftari la stoo. Tangu siku hiyo, alisema, hakuna mfuko uliotoka dukani kabla ya madaftari yote mawili kuandikwa. Maelezo yake hayakuzidi dakika tatu, na kazi aliipata yeye. Yule kijana alikuwa amefanya mafunzo kwa vitendo kwenye ghala kwa wiki nane, kama wasifu wake ulivyoonyesha, lakini hakuyataja hata mara moja, nami nadhani aliyaona madogo mno kwa ukumbi ule.

Kwa hiyo ninapoombwa ushauri, huanza na tangazo la kazi lenyewe. Lichukue, soma kila jukumu lililoorodheshwa, na mbele yake andika jambo moja ulilolifanya linalofanana nalo, hata kama ulilifanya ukiwa mweka hazina wa kikundi cha vikoba, ukiwa kwenye mafunzo kwa vitendo au ukiuza dukani. Eleza hali ilivyokuwa, wewe ulifanya nini, na mwisho wake ulikuwaje. Ukikuta jukumu ambalo huna cha kuandika mbele yake, usitunge, kwa sababu swali la pili au la tatu kutoka kwa mtu anayeijua kazi litakufichua. Jifunze namna linavyofanyika, na ukiulizwa useme wazi kwamba hujalifanya bado. Baada ya hapo yatamke uliyoyaandika kwa sauti, mbele ya mtu atakayekukatisha pale asipoelewa. Jambo lililonyooka kichwani hujikunja mdomoni, na ni afadhali ligundulike sebuleni kwa shangazi kuliko mbele ya jopo.

Hapa lugha ina uzito wake. Usaili wa kampuni nyingi binafsi jijini huendeshwa kwa Kiingereza, wakati kazi yenyewe pale bandarini, ghalani au kaunta hufanywa kwa Kiswahili, na mtu aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anaweza kujikuta anaijua kazi vizuri huku akikosa maneno ya kuielezea. Nashauri mazoezi yafanywe kwa lugha zote mbili, na msailiwa akikwama aombe kwa heshima amalizie kwa Kiswahili. Kwa wasaili wenzangu nasema bila kificho kwamba kumnyima kazi karani wa stoo kwa sababu ya Kiingereza ni kujinyima mfanyakazi mzuri.

Utumishi wa umma una taratibu zake, na ushindani wake ni mkali zaidi. Mwaka 2014 Idara ya Uhamiaji iliita zaidi ya watu 10,000 katika Uwanja wa Taifa kwa nafasi 70, na mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania iliita zaidi ya watu 100,000 kwenye usaili wa kuandika kwa nafasi 1,596. Kwa wingi huo, kasoro ndogo ya nyaraka inatosha kumwondoa mtu. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira husisitiza vyeti halisi, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, na kwamba hati za matokeo hazitapokelewa badala ya vyeti. Kama majina yako yanatofautiana kati ya cheti kimoja na kingine, lishughulikie mapema, kabla hujaitwa.

Kuhusu mshahara, wengi hutaja kiasi bila kupiga hesabu. Chukulia mshahara ghafi, yaani kabla ya makato, wa shilingi 800,000 usio na posho yoyote. Mchango wako wa asilimia 10 kwa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ni 80,000, kodi ya mapato kwa viwango vya sasa ni 60,000, na kama unadaiwa mkopo wa masomo na Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi ni 120,000. Kinachobaki mkononi ni 540,000, na hapo bado kodi ya chumba na nauli. Piga hesabu hiyo ukiwa nyumbani, utaje kiasi unachoweza kukitetea, na uulize kama kinachozungumzwa ni ghafi au ni cha mkononi.

Jambo jingine linaloniuma ni wasichana kuulizwa kama wana wachumba, au wanatarajia kuzaa lini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi ya ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya familia, na katazo hilo linamhusu hata mwombaji ambaye hajaajiriwa. Najua ni vigumu kumnukulia sheria mtu anayeshikilia ajira yako; unaweza kujibu kwa utulivu kwamba majukumu yako ya nyumbani hayatazuia kazi, kisha ukarudi kwenye kazi yenyewe. Anayepaswa kulizuia swali hilo ni mwenyekiti wa jopo.

Mpwa wangu ameitwa kwenye usaili Alhamisi, Masaki, saa mbili asubuhi. Anaishi Chanika, kwa hiyo tumekubaliana alale kwangu Jumatano, maana mvua hizi zikinyesha alfajiri barabara hazitabiriki. Jumapili tuliketi uani na tangazo la kazi yake, akanieleza alivyopanga orodha za wagonjwa katika zahanati aliyojitolea kwa miezi mitano. Alikwama mara tatu, mara zote palepale anapotakiwa kusema yeye mwenyewe alifanya nini, kwa sababu kila sentensi aliianza kwa "sisi". Kesho jioni tunarudia.