Kuvua Jambiani: Umlipe Mwenyeji au Uende Mwenyewe?

Rafiki yangu wa Dar es Salaam huja Unguja kila likizo na fimbo yake ya kuvulia, ndoano za kila namna na simu yenye ratiba ya maji. Ukimwambia atafute mvuvi wa Jambiani aende naye, anauliza: nimlipe mtu anionyeshe bahari ambayo naiona?

Ana hoja. Mgeni akionekana ufukweni na fimbo, papasi, yaani dalali wa ufukweni, keshafika, anataja bei, kumbe mwenye ngalawa ni mtu mwingine kabisa na anaambulia kidogo. Wapo pia wanaompeleka mgeni mahali palipokwisha kuchokonolewa, mradi saa zipite. Na kujifunza bahari kwa miguu yako mwenyewe kuna utamu ambao hela hainunui. Hayo siyapingi.

Ninachopinga ni hesabu yake ya kile kinacholipiwa. Anadhani mwenyeji analipwa kwa kujua walipo samaki aina ya changu. Mimi naona analipwa hasa kwa kujua saa ya kurudi.

Huku kwetu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hutoka kabisa kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi jioni. Hilo simu inalijua. Lakini maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Hesabu ya mabaharia inagawa kupanda kwake mafungu 12: saa ya kwanza fungu 1, ya pili 2, ya tatu na ya nne matatu matatu, kisha 2, kisha 1. Chukua bamvua, yaani maji makubwa ya siku hizo, la mita 3. Saa ya kwanza yanapanda sentimita 25, na wewe huoni kitu, unaendelea kutia chambo. Saa ya pili 50. Saa ya tatu 75, na ya nne 75 nyingine. Yaani mtu aliyekuwa na maji ya magotini saa sita, saa saba yanamfika kifuani. Na ratiba haikwambii kwamba kati ya mwamba na ufukwe kuna bonde, wala kwamba maji huingia kwa milango, yaani mapengo ya mwamba, na kujaza nyuma yako wakati wewe unatazama mbele.

Tulilipata hilo mimi naye. Lilikuwa bamvua, tukateremka saa tano. Akinamama wa mwani walikuwa wanapandisha magunia yao, mmoja akatuuliza, "Mnakwenda wapi saa hizi, wanangu?" Tukamwamkia, tukapita. Bondeni maji yalikuwa ya magotini. Kule mwambani changu walikula vizuri, na hilo ndilo lililotuponza. Saa sita na nusu maji yalikuwa yanatugusa vifundoni tu; nikageuka, bonde tulilolivuka likawa la kifuani na linavuta kuelekea mlangoni. Tuliokolewa na kijana wa ngalawa aliyekuwa akirudi. Alikita pondo mchangani, akaishika ngalawa isisogee, akatwambia tupande mmoja mmoja. Hakutugombeza. Fimbo moja ilikwenda na maji.

Tangu siku ile, nikisikia "bahari naiona," namkumbuka yule mama. Watu wote walikuwa wanarudi, sisi tunakwenda.

Yapo na mengine. Vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba hufunga sehemu za miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na baharini hakuna ua wa kukuonyesha mpaka. Bunju akinasa, mgeni anaweza kumpeleka jikoni asijue ana sumu ya kuua. Nje ya mwamba wakati wa upepo wa kusi sitaki hata kubishana: usiende peke yako.

Rafiki yangu yuko sahihi kwa mtu anayekaa kijijini, au anayekuja kila mwezi na kuvua palepale. Huyo akiongozana na mwenyeji mara tatu nne, bamvua na maji mafu (maji madogo), anaweza kuachwa aende. Wa likizo mbili kwa mwaka hafiki huko, hata awe na simu ya namna gani.

Suala la papasi lina dawa. Usimtafute mtu ufukweni mbele ya hoteli. Nenda dikoni, wanakoshushia samaki, alasiri vyombo vikirudi, muulize bwana diko, msimamizi wa hapo, nani huvua kwa mshipi. Mkaelewane kabla: mafuta au tanga, chambo cha nani, samaki wa nani, na hela unamkabidhi yeye mkononi. Kisha muulize kesho mtoke saa ngapi. Akiitaja saa ya kwenda bila ya kurudi, shukuru umuulize mwingine.