Msinitilie maji ya kisima kwenye rejeta

Fundi wangu wa Mwanakwerekwe ni mtu mwema na ana mkono mwepesi. Hajawahi kunipiga bei ya kunitoa jasho. Jambo moja tu linatugombanisha kila nikimpelekea chombo, pikipiki yangu: maji ya rejeta. Mie nafika na dumu langu la kulanti, ile dawa ya kutia kwenye rejeta kupozea injini, yeye anacheka.

"Sheikh, hiyo ya wazungu, kwao kunaganda. Hapa theluji iko wapi?" Kisha anachota kopo la maji ya bomba.

Nusu ya maneno yake ni kweli, na ndiyo maana inanichukua muda kumjibu. Kulanti ya kawaida ni glaikoli iliyochanganywa na maji, na ukiichanganya nusu kwa nusu haigandi mpaka baridi ifike nyuzi 37 chini ya sifuri. Sisi Julai tukijifunika shuka tunaona tumepata baridi. Hilo la kuganda halituhusu ndewe wala sikio. Tena nitamuongezea hoja ambayo yeye haitumii: maji matupu hubeba joto vizuri zaidi kuliko glaikoli. Kama kazi ya rejeta ingekuwa kupoza tu, kwa leo na kesho, maji yangetosha na fundi angekuwa kashinda.

Lakini maji gani?

Unguja tunaishi juu ya jiwe la matumbawe. Mvua inanyesha, inapenya kwenye jiwe, inatoka kisimani imeshabeba chokaa. Asiyeamini aende jikoni afungue birika la chai la mama yake, atazame ukoko mweupe uliogandia ndani. Mwaka 1971 Suzuki walipotoa GT750, pikipiki kubwa ya kupozwa kwa maji, Waingereza waliibandika jina la utani la birika. Wao walikuwa wanatania. Kwetu huo si utani, kwa sababu ukitia maji yale yale kwenye rejeta unapata ukoko ule ule, ila vijia vya rejeta ni vyembamba na bapa, hauwezi kuingiza mkono ukasugua. Huko Paje na Jambiani kuna visima vyenye chumvi kabisa, bahari imeingia chini kwa chini. Chumvi na alumini haviishi nyumba moja. Pampu ya maji ni alumini, silinda hedi ni alumini, na rejeta yenyewe siku hizi ni alumini.

Kwa hiyo tunachonunua kwenye dumu, sisi wa kisiwani, ni dawa ya kuzuia kutu iliyomo ndani yake. Na pia kuchemka: mchanganyiko huo, ukiwa chini ya mfuniko wa rejeta unaobana sawasawa, unavumilia nyuzi zaidi ya 120 kabla haujatokota. Theluji waachiwe wenyewe.

Haya sikuyajua kwa kusoma. Nilinunua pikipiki ya safari, cc 650, silinda mbili, mkononi mwa mtu ambaye nadhani hakuwahi kuona kulanti maishani mwake. Nikaivusha Pemba. Nimeshuka Mkoani asubuhi, nimeshika njia ya Chake Chake nikijiona mfalme. Wasioijua Pemba wanadhani ni tambarare kama Unguja, kumbe ni kupanda na kushuka, bonde na kilima. Mbele yangu lori limejaa mchanga linapanda mdogo mdogo, pembeni yake hapana nafasi ya kupita, na jua limeshachachamaa. Feni ikaanza kuzunguka na haikusita tena. Taa nyekundu ikawaka.

Nikaegesha chini ya mkarafuu. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli akasimama, akasikiliza, akasema, "Mwanangu, chombo chako kinatokota. Usikifungue." Nilikuwa tayari nimeshika mfuniko. Namuombea dua mpaka leo, maana maji yale yangenirukia usoni. Tulikaa karibu saa nzima tukizungumza habari za karafuu.

Nilipokuja kumwaga nyumbani yalitoka maji rangi ya chai ya rangi iliyolala, na chini ya beseni ukabaki mchanga wa chokaa. Themostati, ambayo kazi yake ni kufunguka injini ikifika nyuzi kama 80 na kitu, ilikuwa imegandiana nusu wazi nusu imefungwa.

Watu hunicheka: pikipiki ya safari ndefu kwenye kisiwa cha kilomita 85, unasafiri wapi? Mie naona chombo hiki kinateseka hapa kuliko kingekuwa bara. Kimetengenezwa kikate upepo kwenye njia iliyonyooka, upepo ndio upoze rejeta. Hapa kinatambaa Darajani nyuma ya daladala, kinasimama kupisha gari la ng'ombe, kinatambaa tena. Upepo haupo, kazi yote ni ya feni na maji. Ndiyo sababu siwezi kukubali maji ya hovyo.

Sasa kazi hii naifanya mwenyewe uwani, kila miaka miwili. Injini iwe baridi kabisa, iliyolala usiku kucha, chombo kikae stendi kubwa. Unavua plastiki za ubavuni, na hapo ndipo nusu ya saa inapotea, kwa vijibolti na vipini ambavyo kimoja lazima kipotee mchangani. Bolti ya kumwagia iko kwenye pampu ya maji, ndogo, spana namba 8 au 10. Ukiilegeza maji yanatoka kwa uvivu, ila ukifungua mfuniko wa juu yanaruka mbali, basi weka beseni mbali kuliko unavyodhani. Wakati wa kurudisha bolti, itie washa mpya, kile kipete chake cha kuzuia kuvuja, na usikaze kwa hasira, nyuzi za tundu la alumini zikishakatika utanikumbuka.

Tangi dogo la akiba watu wengi hulisahau. Wanabadilisha maji ya rejeta, kisha injini ikipoa inavuta uchafu wa zamani kutoka kwenye tangi. Livue, lioshe. Suuza mfumo mzima kwa maji safi mpaka yatoke meupe, na suuzo la mwisho liwe la maji ya betri, yale yasiyo na chokaa wala chumvi.

Kujaza ndiko kunakotaka subira. Mimina kulanti mpya polepole, huku ukiminya mipira ya rejeta kwa mkono. Utasikia inabeua. Hewa ikibaki ndani, injini itachemka na rejeta imejaa, na hapo fundi atasema unaona, kulanti yako hiyo! Washa dakika mbili tatu mfuniko ukiwa wazi, piga resi kidogo kidogo, zima, itikise pikipiki kushoto na kulia, ongeza. Funga. Tangi la akiba lijaze kati ya mistari miwili, kisha kesho yake asubuhi angalia tena, aghlabu itakuwa imeshuka kidogo. Ukiwa na chombo cha Kijapani, tafuta kulanti isiyo na silikati, kwani silikati husugua sili ya pampu, ile inayozuia maji yasivuje.

Na ile ya zamani usiimwage nje. Glaikoli ni tamu na ni sumu, inaua figo. Mji wetu huu una paka kuliko watu, kila barza ina wake, na paka mwenye kiu hulamba chochote kilichotuama kwenye kisahani. Wala usiimimine kwenye shimo la jiwe ukasema imepotea. Jiwe hilo ndilo linalotunywesha. Mie naihifadhi kwenye dumu lenye alama nyekundu, juu, wasipofika watoto.

Mwezi uliopita fundi alinipigia simu. Kuna mteja kaja na gari iliyochemka Bububu, rejeta imeziba. Akazunguka zunguka, akauliza hali ya nyumbani, mwisho akasema, "Sheikh, yale maji ya betri unanunua duka gani?"

Sikumcheka. Nilimuelekeza, nikamwambia asome chupa kwanza, asije akaondoka na asidi.