Mabosi waulizwe tatizo lao kabla hawajaonyeshwa orodha

Kila mwanzo wa mwaka PwC, kampuni kubwa ya kimataifa ya ukaguzi wa hesabu na ushauri, wanatoa matokeo ya utafiti wao wa wakuu wa makampuni na kila mara inatafutwa namba moja ya kuwekwa kwenye vichwa vya habari. Ya Januari 2024 nadhani wengi mnaikumbuka, waliulizwa wakuu 4,702 kutoka nchi 105 na 45% wakasema kampuni zao hazitakuwa hai miaka kumi ijayo zikiendelea na mwendo huu huu. Namba nzito hiyo, na mi naiheshimu kwa sababu swali lenyewe linamlazimisha bosi ajiangalie yeye na kampuni yake. Maswali mengi ya tafiti za aina hii hayafanyi hivyo, na hapo ndo ugomvi wangu ulipo.

Mara nyingi inaenda hivi: bosi anapewa orodha, kodi, umeme, mtaji, rushwa, wafanyakazi wasio na ujuzi, anaambiwa chagua kikwazo kikubwa kuliko vyote. Dodoso la Benki ya Dunia kwa mfano lina vikwazo 15. Vyote ni vya kweli kabisa, ila vinahusu mazingira ya biashara, yaani karibu vyote viko nje ya geti la kampuni. Hakuna pa kuweka tiki kwa "wamiliki hatuelewani" au "wateja wote wanamjua meneja mmoja tu, akiondoka leo tumekwisha". Na bosi gani ataanza kujieleza hivyo wakati neno kodi limeshaandikwa mbele yake, anaweka tiki anaendelea na kazi zake!

Tena hili lilishapimwa zamani tu. Mwaka 1987 watafiti wawili, Howard Schuman na Jacqueline Scott, walichapisha jaribio walilofanya Marekani, kwa wananchi wa kawaida sio mabosi, wakiuliza tatizo kubwa la nchi ni lipi. Walioulizwa bila orodha, waliotaja mambo manne fulani hawakufika hata 3%. Wengine wakasomewa mambo hayo hayo manne na wakaambiwa kabisa kwamba wanaweza kutaja lingine lolote, na bado 60% wakachagua humo humo. Orodha inamjibia mtu, na sioni kwa nini bosi mwenye haraka awe tofauti.

Mi ningependa aulizwe hivi, mara ya mwisho umeshindwa kupeleka oda ya mteja kwa wakati, ilikuwaje? Jibu la kwanza litakuwa mtaji, karibu kila mtu anasema mtaji. Usiandike bado. Muulize pesa ilikuwa wapi wiki ile, utashangaa mara ngapi itatokea kwamba pesa ipo ila iko kwa wateja, invoisi zimekaa miezi mitatu hazijalipwa na hakuna aliyepewa kazi ya kuzifuatilia, mhasibu anadhani ni kazi ya watu wa mauzo na watu wa mauzo wanaogopa kumuudhi mteja. Sasa kwenye ripoti huyu angehesabiwa kwenye "ukosefu wa mikopo", halafu mtu wa sera anaisoma anatengeneza mfuko wa mikopo, na bosi anakopa kulipia pesa ambayo ni yake tayari. Hii inaniuma kwa kweli, maana maamuzi makubwa yanafanyika kwa tiki hizi.

Sisemi orodha zitupwe. Bila orodha huwezi kulinganisha nchi na nchi au mwaka na mwaka, na kuna vitu wameviweza sana, mfano hao hao Benki ya Dunia kwenye rushwa hawamuulizi mtu "wewe umetoa ngapi", wanauliza kampuni kama hii huwa zinatoa kiasi gani, na bosi anapumua anajibu. Halafu kuna suala la waliofunga biashara ambao hawapo kabisa kwenye sampuli, hilo ni kubwa linataka makala yake.

Kwa hiyo wewe unayeandaa dodoso sa hivi, swali la wazi liweke la kwanza kabisa, sio mwisho pale kwenye "maoni mengine" ambapo mtu ameshachoka. Andika maneno yake kama alivyoyasema. Orodha mpe baada ya hapo, na kama unaweza muulize swali lile lile mhasibu au msimamizi wa stoo wa kampuni hiyo hiyo, akiwa peke yake, bosi hayupo.